Ufuko Usio na Mti wa Mtumbwi

Katikati ya Desemba 1887, msafara wa watu waliokonda uliteremka ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa hadi ncha ya kusini ya ziwa ambalo Wanyoro waliliita Mwitanzige na Waingereza wakalipa jina la Albert. Wengi wao walikuwa wapagazi walioandikishwa Unguja mwanzoni mwa mwaka huo. Walikuwa wametoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, mwezi Juni, wakapita msitu wa Ituri kwa zaidi ya siku 150, wakizikana njiani kwa njaa, mishale na vidonda. Kiongozi wao, Henry Morton Stanley, alitaka chombo cha kumpeleka kaskazini mwa ziwa kwa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta. Wenyeji wa ufukoni walikataa kumpa mtumbwi. Basi, wakaambizana, tuchonge wetu.

Wakatazama huku na huku. Palikuwa na nyasi, vichaka vya miiba, migunga iliyopinda, na ile miti ya utomvu mweupe yenye matawi kama kinara cha mishumaa. Gogo la kutoa mtumbwi halikuwapo.

Watu waliotoka kulala chini ya miti isiyohesabika kwa miezi mitano sasa walikwama kwa kukosa mti mmoja. Ilibidi wapande tena ule ukuta, warudi msituni, wajenge ngome ya Fort Bodo na kuifuata mashua yao ya chuma ya vipande, waliyokuwa wameiacha Ipoto kwa wafanyabiashara wa pembe. Waliporudi ziwani miezi minne ilikuwa imepita. Stanley na Emin walikutana tarehe 29 Aprili 1888.

Kwenye ukingo huo wa kusini-magharibi ndipo ulipo leo mji mdogo wa Kasenyi, katika eneo la Irumu, mkoa wa Ituri, Kongo. Jina lake lina harufu ya mchanga: katika Kiganda mchanga ni omusenyu, na ng'ambo ya pili, Uganda, zipo Kasenyi nyingine, moja karibu na Entebbe na nyingine katika nyika za Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kutoka Kasenyi hadi Bunia, kwa njia ya ndege, ni kama kilomita 30 tu. Lakini ziwa liko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bunia iko juu zaidi ya mita 1,200. Anayepanda lori la samaki asubuhi hupita katika nchi kadhaa kabla ya chakula cha mchana, na kila nchi ina miti yake, nyasi zake na wanyama wake.

Ya kwanza ni maji yenyewe na pindo lake: matete, mafunjo, na vile vichaka vya maji vyenye mti mwepesi ambao wavuvi huukata kufanya maboya ya nyavu. Ya pili ni tambarare ya chini, kavu na yenye joto, kwa kuwa sakafu ya bonde hupata mvua haba kuliko milima inayoizunguka. Hapo ni kwa migunga, mikwaju na nyasi fupi zinazogeuka rangi ya majani makavu ya chai mara jua linapokaza. Kisha mteremko, wenye mawe na makorongo, ambamo kila kijito kimevaa ukanda mwembamba wa miti mibichi. Juu yake, kuzunguka Bogoro na Bunia, nyanda za nyasi ndefu, nchi ya ng'ombe na mashamba. Na magharibi zaidi, baada ya Irumu na Komanda, nyasi hukatika ghafla na pori kubwa huanza. Huko Epulu mvua ya mwaka hukaribia milimita 1,700.

Waliojifunza kwanza kutofautisha nchi hizi hawakuandika vitabu. Wafugaji wa Kihema walizisoma kwa midomo ya ng'ombe: nyasi ipi huchomwa kiangazi ili ichipue upya, kichaka kipi kina mbung'o, bonde lipi lina maji hata mvua zikichelewa. Wakulima wa Kilendu na Kingiti walisoma udongo kupitia magugu yake. Mahali penye mabingobingo marefu pana rutuba na unyevu; mahali palipotawaliwa na motomoto, ile nyasi yenye ncha kama sindano, ardhi imechoka, ipumzishwe. Wavuvi walijua samaki gani hukaa kwenye matete na yupi hukaa kwenye maji ya wazi. Hakuna kati yao aliyetambua mti mmoja mmoja na kuishia hapo. Walitambua mkusanyiko: nyasi fulani pamoja na mti fulani, pamoja na mdudu na ndege fulani, maana yake ni udongo fulani na msimu fulani.

Wapagazi wa Unguja walipoingia nchi hiyo walifanya kile ambacho kila mgeni hufanya: waliita vitu vya ugenini kwa majina ya nyumbani. Stanley aliyaandika baadhi ya majina hayo katika kitabu chake cha 1890. Tunda kubwa la msituni lililofanana na lile la bustani za Unguja waliliita fenesi. Matunda ya mitambaazi yenye utomvu wa mpira yakawa mabungo. Maharage makubwa ya mwitu yakawa makweme. Majina hayo yaliwaokoa wengine, kwa kuwa mfanano mara nyingi ulikuwa wa kweli. Mtu aliyekula mabungo utotoni aliyajua hata yalipokuwa madogo na machungu. Lakini jina la pwani halikuweza kumwambia mpagazi ni sehemu gani ya pori yenye chakula na ipi haina. Elimu hiyo walikuwa nayo Wambuti, wawindaji wa pori hilo, na msafara uliokuwa ukiteka watu na kupora mashamba haukuwa na namna ya kuipata kwa wema.

Emin Pasha mwenyewe alikuwa mtu wa namna nyingine. Daktari huyu, aliyezaliwa Eduard Schnitzer, alikuwa akipeleka ngozi za ndege kwenye makumbusho ya Ulaya hata jimbo lake lilipokuwa likimponyoka mkononi. Mwaka 1891 alirudi karibu na ziwa, safari hii kwa niaba ya Wajerumani, pamoja na mtafiti Franz Stuhlmann. Mwishoni mwa mwaka huo Emin alimtanguliza Stuhlmann kurudi pwani, yeye akabaki nyuma na wagonjwa wa ndui, na mwaka uliofuata akauawa akiwa safarini kuelekea mto Kongo. Stuhlmann alichapisha kitabu kinene mwaka 1894, ambamo mpaka kati ya nyasi na pori unaelezwa kwa makini: wapi miti inaishia, wapi inarudi kando ya mito, watu gani wanaishi upande upi.

Baada yao wakaja wakusanyaji. Kati ya 1909 na 1915 watafiti wawili, Herbert Lang na kijana James Chapin, walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa niaba ya makumbusho ya New York. Katika kituo cha Avakubi, mwaka 1913, Chapin aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mwenyeji na akauhifadhi. Miaka 23 baadaye, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliojazwa pamba, wamewekwa juu ya kabati kwa jina la uongo, unyoya ukalingana. Ndivyo tausi wa Kongo alivyoingia kwenye orodha za sayansi mwaka 1936, ilhali wawindaji wa Ituri walikuwa wakivaa manyoya yake siku zote. Habari ya okapi ilikuwa imetangulia kwa namna hiyohiyo: Mwingereza Harry Johnston alipopata vipande vya ngozi na kumtangaza mnyama huyo mwaka 1901, alikuwa akifuata maneno ya Wambuti.

Hadithi ya tausi husimuliwa sana, lakini kazi kubwa ya Chapin ilikuwa nyingine. Mwaka 1923 alichapisha makala iliyogawanya Afrika ya tropiki katika maeneo kulingana na ndege wanaoishi pamoja, na akaonyesha kwamba ndege hufuata uoto kuliko wanavyofuata mipaka ya mito au milima. Mtu anayesimama kwenye mteremko wa Kasenyi anaweza kulithibitisha kwa masikio. Chini, kwenye migunga, kuna sauti za ndege wa nchi kavu wanaojulikana hadi Sudani. Ndani ya ukanda wa miti ya korongo, hatua mia moja tu, husikika ndege wa kivulini, jamaa za wale wa pori la Mambasa. Kimo na hewa ni vilevile. Kilichobadilika ni kivuli.

Wakati wa Chapin, Kasenyi ilikuwa ikikua kwa sababu isiyohusu ndege wala majani. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa huko Kilo, Ituri, mwaka 1903, na migodi ilihitaji mashine, saruji, unga na mafuta. Njia fupi ilikuwa ya mashariki: meli hadi Mombasa, reli hadi Uganda, kisha hadi bandari ya Butiaba, na meli ya ziwa kuvuka hadi Kasenyi. Kuanzia miaka ya 1930 meli iliyojulikana zaidi katika safari hiyo ilikuwa Robert Coryndon. Kutoka ufukoni, mizigo ilipanda ukuta wa bonde kwa barabara hadi Bunia. Watalii na maofisa waliovuka kutoka Uganda waliiona Kongo kwa mara ya kwanza hapo, kwenye mchanga na migunga, na wengi walishangaa: walikuwa wameahidiwa msitu.

Bandari ilileta wasomaji wengine wa uoto, nao walikuwa madaktari. Ugonjwa wa malale uliwafundisha kwamba kichaka cha kando ya maji si pambo. Mbung'o wa ziwani anahitaji kivuli karibu na maji. Palipo na kivuli hicho na watu wanaoteka maji, ugonjwa huenea. Kwa hiyo katika maziwa ya ukanda huu vichaka vilifyekwa kwenye vivuko na bandari, na kwingine vijiji vizima vikahamishwa kutoka ufukoni. Daktari Jacques Schwetz, aliyefanya kazi miaka mingi katika Kongo ya Kibelgiji, alichunguza mbung'o, mbu na konokono wa maziwa ya mashariki kwa uvumilivu wa karani wa ghala. Konokono ndio wanaobeba kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao bado unawatesa watu wa ukingo wa Albert. Nao pia wana anuani zao. Aina moja hupenda maji machache yenye majani na tope. Nyingine, iliyopewa jina la Stanley, huishi kwenye nyasi za majini mbali kidogo na ufuko. Mtoto anayeoga Kasenyi anaingia katika jamii ya mimea na wanyama kama anavyoingia mtu msituni, ila hii haionekani kwa urahisi.

Elimu iliyokuwa imesambaa kwa wafugaji, wavuvi, madaktari na wakusanya ndege ilianza kuwekwa pamoja miaka ya 1950. Taasisi ya kilimo ya koloni, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na kituo kikuu cha utafiti Yangambi kando ya mto Kongo, ilikuwa na kituo pia Nioka, kaskazini mwa Bunia. Wataalamu wake walitembea na majembe na daftari, wakichora udongo na uoto katika ramani moja, kwa imani ambayo mkulima wa Kilendu asingeishangaa: kinachoota juu kinaeleza kilichopo chini. Mwaka 1954 Jean Lebrun na Georges Gilbert walichapisha mpangilio wa misitu ya Kongo kwa kufuata mazingira yake. Mwaka 1956 wanasayansi kutoka makoloni mbalimbali walikutana Yangambi kukubaliana maneno, maana Mfaransa, Mwingereza na Mbelgiji walikuwa wakisema savana kila mmoja akiwa na picha yake. Mpangilio wa Yangambi ulitawala ramani za uoto wa Afrika kwa miongo.

Mwaka 1983 Mwingereza Frank White alichapisha, kupitia Unesco, ramani ya uoto wa Afrika nzima. Nchi za kuzunguka Ziwa Victoria hadi ukingo wa mashariki wa Kongo hakuzipa jina la msitu wala la savana. Aliziita nchi ya viraka, mahali ambapo mimea ya Kongo, ya Sudani, ya kusini, ya Somalia na ya milimani inakutana na kuchanganyika. Mkazi wa Kasenyi aliyezoea kuona mkwaju wa nchi kavu na mti wa korongo ikitazamana angejitambua katika ramani hiyo.

Lakini kiraka kikubwa chenye rangi moja nacho kina siri zake, na hilo lilijulikana huko msituni. Kutoka angani pori la Ituri ni kijani kimoja. Wambuti wanasema hapana: kuna mahali pa mbau na mahali pasipo na mbau. Mbau ni mti mkubwa ambao katika sehemu fulani huwafukuza karibu wenzake wote, hata ukatembea nusu siku chini ya aina moja ya majani. Chini yake ni wazi na giza, na majani yaliyoanguka yamelala kama mkeka. Wanaikolojia Terese na John Hart, waliokaa Epulu kwa miaka mingi, walionyesha mwaka 1986 kwamba kwa miezi kadhaa ya mwaka vyakula vya porini ni haba sana, na hasa kwenye mbau. Ukikumbuka wapagazi wa 1887 waliokufa njaa kati ya miti, maneno hayo yanapata uzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto nao walianza miaka ya 1970 kukaa na Wambuti na jirani zao Waefe, wakiandika jina la kila mmea na kazi yake. Matokeo yalikusanywa katika hifadhidata ya AFLORA.

Mwaka 1994 yalipimwa Ituri mashamba ya utafiti yenye jumla ya hekta 40: nusu kwenye mbau, eneo la Lenda, na nusu kwenye msitu mchanganyiko, eneo la Edoro. Kila shina kuanzia unene wa kidole lilipewa namba na jina. Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa Wakongomani wenyewe, na mmoja wao, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango, alijulikana dunia nzima kwa alichokifanya vita vya Kongo vilipofika. Wenzake wengi walipolazimika kukimbia Epulu, yeye alibaki, akaficha kompyuta na takwimu, akaokoa mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa, na mara nyingine akajificha mwenyewe porini. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Vita hivyo vilifika pia kwenye njia ya Kasenyi. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kilichoko barabarani kati ya Bunia na ziwa, kilishambuliwa. Kesi yake ilisikilizwa The Hague, na mwaka 2014 kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga akahukumiwa. Kwa miaka mingi njia ambayo wafugaji, wakusanyaji na wavuvi waliisoma kwa miguu ilikuwa njia ya kukimbilia.

Mipaka ya nchi hizi haijawahi kutulia hata kabla ya watu kuigombania. Miaka ya 1970 Mbelgiji Francis Van Noten alichimba pango la Matupi, kwenye Mlima Hoyo, kusini mwa Komanda. Alikuta zana ndogondogo za mawe ambazo za chini kabisa zinafikia takriban miaka 40,000, pamoja na mifupa ya wanyama wa nchi ya nyasi. Leo pango hilo limo msituni. Watu waliokaa mlangoni pake walitazama mandhari iliyokaribia ile ya Bunia kuliko ya Mambasa.

Ziwani nako mambo yanahama. Samaki mkubwa wa Albert ni kapiteni, ambaye Watanzania na Wakenya humwita sangara. Maporomoko ya Murchison yalimzuia kupanda hadi Ziwa Victoria, mpaka watu walipompandisha miaka ya 1950. Huko alikula mamia ya aina za furu ambao hawakuwahi kumjua. Kwao Albert, ambako alizoeana na samaki wengine wa Nile kwa maelfu ya miaka, yeye ndiye aliyepungua. Tangu miaka ya 2000 samaki wadogo, muziri na ragoge, wametawala mavuno ya upande wa Uganda. Na mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kiasi, yakafunika matete, gati na nyumba. Ufuko ukasogea kwa watu badala ya watu kusogea ufukoni.

Boti za wavuvi wa Kasenyi hujengwa kwa mbao. Fundi huzipanga juu ya mchanga, huziunganisha kwa misumari na kuziba nyufa. Mbao zenyewe hazikuota hapa. Mti wake ulikatwa huko juu, ng'ambo ya ule ukuta, ukateremshwa kwa lori kwenye barabara inayofuata mkondo wa safari iliyomgharimu Stanley miezi minne, na sasa umelala kando ya migunga ileile, ukisubiri lami.